Masikini Asiyebisha Hodi



Katika Sura Adh-Dhaariyaat Mwenyezi Mungu anawaeleza wachamungu, na miongoni mwa sifa zao anataja kwamba mali yao ina haki ya watu wawili (51:20). Wa kwanza ni yule aombaye. Wa pili aitwa kwa Kiarabu mahruum, yaani aliyenyimwa: hakupata, wala hakusimama mahali pa kuomba. (Wasomaji wapya waangalie kwamba Jumuiya yetu huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, katika misahafu mingine aya hii ni ya 19.) Wako wafasiri waliomwingiza hata mnyama katika maana ya neno hili, kwa kuwa mnyama hana ulimi wa kudai chakula chake.

Mtu wa kwanza hatupi taabu kumjua, kwani atakuja mwenyewe na kubisha hodi. Somo la mwezi huu lamhusu wa pili, nami nimechagua kumtazama kwa upande mmoja tu, nao ni ulemavu. Katika watu wanaohitaji msaada, ni nani hasa mwenye ulemavu? Kwa nini awe yeye na si jirani yake? Na kwa nini jina lake mara nyingi halimo katika orodha?

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, mimi na ndugu wawili tulikaa barazani kwa msikiti mmoja wa mjini Morogoro tukiandika majina ya wanaohitaji Fitrana. Kwa faida ya anayechunguza Uislamu, Fitrana ni sadaka ya lazima itolewayo kwa ajili ya kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga, kabla ya sala ya Idi, ili masikini naye aione furaha ya siku hiyo. Kwa siku tatu tukaandika majina 26. Nilikuwa nimeridhika na kazi yetu. Mzee mmoja wa Kiluguru, aliyeingia katika Jumuiya akiwa na mvi tayari, akaomba asomewe orodha jina kwa jina. Tulipomaliza akasema, "Sheikh, hapa mmeandika wenye miguu."

Sikumfahamu mara moja. Akanihesabia kwa vidole: wangapi katika hao wakaa karibu na msikiti, wangapi ni wanaume, wangapi wajua kujieleza mbele ya watu. Karibu wote. Kisha akauliza ni nani aliyeshuka kutoka vitongoji vya juu ya Bigwa, ambako mlima waanza kusimama. Hakuwepo hata mmoja.

Kesho yake tukapanda naye. Aliyezaliwa nchi tambarare, kama mimi, huiona njia ya Uluguru kuwa adhabu. Wenyeji huipanda na mikungu ya ndizi kichwani huku wakizungumza. Katika nyumba ya tatu tulimkuta mama wa makamo akichambua maharage. Baada ya salamu nikauliza, kwa sauti ya mtu mwenye daftari, kama nyumba ile ilikuwa na mlemavu. Akajibu, "Hapana, Sheikh. Sisi sote wazima. Yupo mama yangu tu huko nyuma, ni mzee."

Huko nyuma, juu ya mkeka, alikaa bibi mmoja ambaye mboni zake mbili zilikuwa nyeupe kama maziwa. Hakuwa ameshuka mjini kwa miaka minne. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, baba," akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamwambia si Mluguru. Akacheka, akasema basi nikaribie tu hivyo hivyo.

Yule binti hakunidanganya. Kwake yeye mlemavu ni mtu wa magongo au yule azaliwaye kiziwi. Mzee asiyeona ni mzee tu, kama jioni ni jioni. Kosa lilikuwa katika swali langu.

Baadaye nilifarijika kidogo kwa kujua kwamba hata nchi nzima imewahi kupita katika kosa hilo. Sensa ya mwaka 2002 iliuliza habari za ulemavu kwa kutaja aina za vilema, na hesabu ikatoka karibu asilimia 2 ya watu. Mwaka 2008 ukafanywa uchunguzi maalumu wa ulemavu Tanzania, na safari hii watu hawakuulizwa kama wao ni walemavu, bali kama wanapata shida katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia. Ikapatikana asilimia 7.8 ya wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Sensa ya 2012 ikatoa asilimia 9.3, na ya 2022, ambayo ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi, ikatoa asilimia 11.2 kwa umri huo huo. Vilema havikuongezeka mara tano kwa miaka 20. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuuliza, na waliokuwa wamekaa nyuma ya nyumba wakaanza kuonekana.

Sasa tuangalie neno lenyewe. Katika Sura At-Tauba (9:60), panapotajwa wanaostahiki sadaka, wa kwanza ni mafukara, na baada yao masikini. Wanachuoni wa lugha ya Kiarabu husema kwamba neno fakiri latokana na asili moja na neno la pingili za uti wa mgongo. Fakiri ni kama mtu aliyevunjika mgongo. Hivyo wafasiri wengi wakaeleza kwamba fakiri ni yule ambaye ugonjwa, uzee au kilema kimemwondolea nguvu ya kuchuma, na masikini ni yule mwenye nguvu lakini hana nyenzo. Wengine wamezitofautisha maana hizi kwa njia nyingine, wala sitaki kuingia katika mabishano yao. Linalonipendeza mimi ni kwamba ufukara na mwili uliovunjika vimekaa pamoja ndani ya neno moja, miaka 1,400 kabla ya wataalamu wa leo kutuonyesha kwa hesabu kwamba viwili hivi vyazaana. Umasikini huleta ulemavu, na ulemavu huleta umasikini, na mtu akinaswa katikati hajui tena ni upi ulioanza.

Tumrudie yule bibi. Ugonjwa wake waitwa mtoto wa jicho, nao ndio unaoongoza duniani kwa kupofusha watu. Hutibiwa kwa upasuaji mfupi, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake. Basi kilichompofusha ni nini? Ukisema ni mtoto wa jicho umesema nusu. Kwanza ni umri, kwani ugonjwa huu ni wa wazee, na katika kila nchi ulemavu huongezeka kadiri miaka iongezekavyo. Pili ni kwamba yeye ni mwanamke. Katika nchi nyingi za Afrika wanawake wenye mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji kwa uchache kuliko wanaume, ingawa ndio wengi zaidi wenye ugonjwa huo, kwa kuwa fedha ya nyumba haiko mkononi mwao, na kwa kuwa hudhani macho yao si jambo la kusumbulia watoto. Tatu ni njia ile tuliyoipanda. Nne ni kwamba kipofu haendi hospitali peke yake. Lazima awepo wa kumshika mkono, na huyo naye ataacha shamba lake siku mbili au tatu, naye atakula nini huko mjini? Jicho lilikuwa na dawa, lakini dawa ilikuwa chini ya mlima.

Mwenye jicho kama hilo hilo, akiwa mwanamume wa miaka 60 mwenye pensheni na nyumba karibu na barabara, leo anasoma gazeti.

Hapa yapasa kuongeza jambo la Waluguru wenyewe, kwa sababu mafundisho ya jumla hayatoshi. Kwa desturi yao, ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mwanamume aliyeoa kwa watu huweza kulima maisha yake yote katika ardhi ya ukoo wa mkewe, na watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Mahali pengi katika Afrika ya Mashariki tumezoea kusikia kilio cha mjane aliyefukuzwa shambani. Uluguru mjane hukaa penye ardhi ya mama zake, na hata akipofuka, juu ya kichwa chake kuna paa na jina. Lakini mgane mzee, ambaye mkewe amefariki na mguu wake mmoja haufanyi kazi tena, huweza kujikuta mgeni mahali alipoishi miaka 40, na kwa wapwa zake alikotoka amekwisha sahauliwa. Nimewaona wa namna hiyo, nao huona haya kuomba kuliko wajane. Kwa hiyo anayegawa sadaka Uluguru kwa kanuni aliyojifunza mahali pengine, kwamba atafute wajane tu, atawapita.

(Najua msomaji ataniuliza juu ya mirathi ya Kiislamu na desturi hii. Ni somo la peke yake.)

Juu ya kazi nitasema kifupi. Vijana wa kiume huvunjika zaidi kuliko dada zao: huanguka juu ya miti wakati wa kuchuma karafuu na nazi, hugongwa wakiwa juu ya bodaboda. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka na kulipuka pale Msamvu, mjini Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wengi walikuwa wamekimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika. Walisemwa maneno mengi mabaya baada ya kufa kwao. Mimi sikuweza kuyasema, kwa kuwa najua bei ya dumu moja la petroli ni siku ngapi za kibarua.

Lakini kuna sababu nyingine ya ulemavu ambayo haimo katika umri, wala jinsia, wala umbali. Nayo ni hofu ya watu. Ili kuiona, twende kusini katika mkoa huu huu wa Morogoro, mpaka milima ya Mahenge katika wilaya ya Ulanga. Karibu na mwaka 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu huko watu wenye kifafa, ambao walikuwa wengi kupita kiasi, na baadhi ya watoto walikuwa na ugonjwa wa ajabu wa kuinamisha kichwa mara kwa mara kama wasinziaye. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umeuhusisha ugonjwa huo na usubi, yaani vijidudu viletwavyo na inzi wadogo wa kando ya mito iendayo kasi, ambao hupofusha macho pia. Milima ya Uluguru nayo imejulikana kuwa na usubi. Dawa yake, ivermektini, imetolewa bure na watengenezaji wake tangu mwaka 1987.

Daktari yule alikuta kwamba watu waliamini kifafa huambukiza kwa mate na uchafu umtokao mgonjwa anapoanguka. Kwa hiyo mgonjwa alikula peke yake na chombo chake. Na alipoangukia motoni, ambako ndiko watu wa kifafa huanguka mara nyingi kwa kuwa moto wa kupikia uko chini katikati ya nyumba, wapo walioogopa kumgusa na kumvuta. Hivyo mtoto aliyekuwa na ugonjwa mmoja akatoka na vilema viwili. Kifafa alipewa na ugonjwa. Mkono ulioungua alipewa na jirani.

Ndugu msomaji, soma sasa Sura An-Nuur, aya ya 62 kwa hesabu yetu. Humo Mwenyezi Mungu aondoa lawama juu ya kipofu, kilema na mgonjwa, na katika aya hiyo hiyo azungumza habari za kula katika nyumba za jamaa, pamoja au mbalimbali. Mtu asomaye kwa haraka hujiuliza kuna uhusiano gani kati ya kilema na sahani ya chakula. Wafasiri wanaeleza kwamba walikuwapo Waarabu waliochukia kula pamoja na vipofu na wagonjwa, na vipofu wenyewe wakajitenga ili wasiwakirihishe watu. Aliyeiona Mahenge hahitaji tafsiri ndefu.

Njaa nayo hufanya kazi kama hofu. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, watu walipatwa ghafla na ugonjwa wa kupooza miguu yote miwili uitwao konzo. Watu walikuwa wakila muhogo mchungu ambao haukukaa siku za kutosha kuondoa sumu yake, kwa sababu ukame uliharibu vyakula vingine na tumbo halikuweza kungoja. Ugonjwa huu hupiga hasa watoto na wanawake, nao haurudi nyuma, aliyepooza amepooza. Kila mama wa Tarime alijua namna ya kuandaa muhogo. Hawakukosa elimu, walikosa siku mbili tatu za kungoja.

Sasa nitawaleteeni habari ya Seyidna Umar r.a., Khalifa wa pili wa Mtume Muhammad s.a.w., ambayo imehifadhiwa na Abu Yusuf, kadhi mkuu wa zama za Harun ar-Rashid. Umar alipita mlangoni kwa watu akamwona mzee kipofu akiomba. Akamgusa bega kwa nyuma akamwuliza yeye ni wa dini gani. Mzee akajibu kwamba ni Myahudi. Msomaji angalie swali lililofuata. Umar hakuuliza kwa nini Myahudi aombe kwa Waislamu, wala hakutupa sarafu akaenda zake. Aliuliza nini kilichomfikisha pale. Mzee akataja mambo matatu: kodi ya jizya, haja, na umri wake. Umar akamshika mkono, akamchukua mpaka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akampeleka kwa mwangalizi wa Baitul-Mali, akaamuru mzee huyo na walio mfano wake waondolewe kodi na wapewe riziki. Akasema maana yake kwamba hatukumfanyia haki mtu huyu ikiwa tulikula katika ujana wake na kumtupa katika uzee wake. Na akaisoma ile aya ya At-Tauba niliyoitaja.

Zingatia majibu ya yule mzee. Hakusema, "Naomba kwa sababu ni kipofu." Kipofu alikuwa, na Umar alimwona. Lakini alipoulizwa sababu alitaja kodi, haja na umri. Na dawa ya Umar ikafuata majibu hayo: kodi ikaondolewa, haja ikapewa riziki, na umri ukapewa hukumu ya kudumu kwa wote walio kama yeye. Laiti angeuliza kama nilivyouliza mimi juu ya Bigwa, angeandika "kipofu, mmoja" na kufunga daftari.

Umar huyu huyu aliwahi kukosea katika kanuni, naye hakuficha. Aliweka posho ya watoto kwa wale tu walioachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia bila kukoma, akamwuliza mama, ambaye hakumjua kuwa ni Khalifa. Mama akasema amwachisha mtoto mapema kwa sababu Umar hatoi posho kwa anyonyaye. Inasimuliwa kwamba katika sala ya alfajiri Umar alilia mpaka watu hawakumsikia vizuri kisomo chake, na asubuhi hiyo akatangaza kwamba kila mtoto wa Kiislamu atapewa tangu kuzaliwa. Kila anayeweka masharti ya msaada, awe ni serikali, msikiti au kanisa, aipime habari hii. Masharti yetu hupita mlangoni na kuingia mpaka kifuani mwa mama.

Nchini kwetu serikali nayo ina mpango wake. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi huuita TASAF, ulianzishwa mwaka 2000, na tangu mwaka 2012 una mpango wa kunusuru kaya masikini, ambao ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja. Wasimamizi hawangoji waombaji mlangoni. Kijiji hukutana, wanakijiji wenyewe hutaja kaya zilizo duni, kisha kaya hizo huhojiwa juu ya nyumba, mali na watu waliomo. Njia hii ni bora kuliko baraza letu la Ramadhani, nami nasema hivyo bila kuona haya. Walakini mkutano wa kijiji hutaja kile ambacho kijiji hukiona. Mtoto anayefichwa chumbani, na mgane aliye mgeni kwa kila ukoo, ni nani atakayesimama kumtaja? Zanzibar walikata shauri jingine: tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefika miaka 70 alianza kupewa pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, bila kuulizwa kama ni masikini. Fedha haikuwa nyingi. Lakini hakuna bibi wa Unguja au Pemba aliyehitaji mtu wa kumtaja mkutanoni. Umri wake ulimtaja.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba mlemavu ni mtu wa kupewa tu. Katika Madina walikuwapo waadhini wawili mashuhuri, Bilal r.a. na Abdullah bin Umm Maktum r.a. Huyu wa pili alikuwa kipofu. Katika Ramadhani Bilal aliadhini kungali usiku, na Mtume s.a.w. aliwaambia watu waendelee kula daku mpaka wasikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Fikiri, ndugu msomaji. Mji mzima uliacha kula kwa sauti ya mtu ambaye hakuweza kuiona alfajiri! Hadithi yaeleza ilivyowezekana: hakuadhini mpaka watu wamwambie kwamba kumekucha. Macho yalikuwa ya majirani, sauti ilikuwa yake, na kazi ikafanyika. Tena Mtume s.a.w. alipotoka Madina kwa safari za vita, alimwacha mara nyingi huyo huyo awe naibu wake mjini. Macho yake yalikuwa yale yale ya mwombaji wa wakati wa Umar. Tofauti ilikuwa katika watu waliomzunguka.

Yule bibi wa juu ya Bigwa alishuka mwezi wa Shawwal, amebebwa na wajukuu kwa zamu. Jicho la kulia lilifaa kupasuliwa. La kushoto, alisema daktari, lilikuwa limechelewa. Alipofunguliwa bandeji alimtazama binti yake kwa muda, akamwambia amezeeka.

Mwisho nataka kujibu swali nililoulizwa kule Matombo na kijana anayechunguza dini yetu. Alisema: kama sadaka ni ya fakiri, je, yafaa kumlipia nauli yule anayemshika mkono, na chakula chake cha mjini, naye ni mtu mzima mwenye shamba? Na je, kama fakiri huyo si Muahmadiyya, au si Mwislamu kabisa?

Swali la pili limekwisha jibiwa na Umar r.a. Kwa la kwanza, Fitrana hutolewa ili mtu aione Idi, nayo ipewe chakula na nguo kwanza. Lakini sadaka ya kawaida yafaa kwa nauli ya msindikizaji, kwani bila yeye fakiri hafiki penye dawa, na kumpa dawa pasipo mkono wa kumfikisha ni kumwachia dawa chini ya mlima. Ama Zaka yenyewe, ambayo katika Jumuiya yetu hupelekwa Baitul-Mali na kugawiwa kwa utaratibu wa Khalifa, mwenye haja ya namna hii aandikiwe barua kwa njia ya rais wa jamaat ya mahali pake. Barua itaje umri wake, anakaa na nani, ana ardhi au hana, na ni mwendo wa saa ngapi kufika barabarani. Jina la ugonjwa liandikwe mwishoni.

Mwaka uliofuata tulianza kuandika orodha mapema, katika mwezi wa Shaabani. Yule mzee wa Kiluguru ndiye aliyeshika daftari, nami nikabeba mfuko. Mlangoni hakuuliza habari za mlemavu. Aliuliza, "Nani katika nyumba hii hajashuka mjini tangu mvua zile za mwaka jana?"